Watu Elfu Tano Wasiokuwapo

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, na kufikia saa kumi mtaro wa majitaka ulio mbele ya duka la Maryan ulikuwa umefurika hadi kizingitini. Kila mwaka hivi hivi. Nimeishi Skuta, mtaa huu wa Nyeri, miaka kumi na tisa na nimeandika barua kumi na nne kuhusu mtaro huu. Bodi ya mji ina wajumbe tisa, wote wa kuteuliwa, na hakuna hata mmoja anayeishi mahali ambapo maji machafu yanaweza kumfikia.

Lakini leo kuna habari. Mswada wa kaunti kuhusu bodi hiyo umechapishwa. Nimeusoma mara tatu dukani kwangu, mashine ya fotokopi ikinguruma kando. Wajumbe wa bodi watachaguliwa na wakazi. Mtaa wowote wenye wapiga kura elfu moja walioandikishwa kufikia Ijumaa tarehe 29 Mei utapata mjumbe wake. Usiofika elfu utaunganishwa na majirani. Majirani zetu ni vijiji vya Karindi: wapiga kura elfu sita, kahawa kila upande, na hawajui mtaro wa majitaka ni kitu gani. Tukiunganishwa nao, mjumbe atatoka kwao mpaka Yesu arudi.

Nimecheka peke yangu. Skuta ina watu wazima wapatao elfu tano. Elfu moja ni nini?

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kuangalia rejista. Wapiga kura wa Skuta ni 612.

Jumatano, 11 Machi

Mia sita na kumi na mbili! Siwezi kukaa kitini. Nimesoma kuhusu miji ya Uingereza ya kale iliyokuwa na wapiga kura saba na wabunge wawili. Sisi tumepindua: watu tele, kura hakuna. Hao wengine wamekwenda wapi? Mtu amewala.

Jioni nilikutana na Moffat kwenye ngazi. Anakaa ghorofa ya juu yangu katika jengo hili la kupanga, ploti kama tunavyoita. Alikuwa karani wa baraza la manispaa la zamani, enzi za madiwani, na bado hutembea kama aliyebeba faili kwapani. Nikamwambia zile nambari.

"Mama Ken," akasema, "hao watu huwezi kupata kwa hiyo rejista. Wako kwao."

"Kwao ni wapi kama si hapa wanapolala?"

"Uliza mtu yeyote kwa hii ploti kwao ni wapi. Hakuna mmoja atakuambia Skuta. Mimi mwenyewe kura yangu iko Karatina. Hata wakati wa madiwani ilikuwa hivyo. Siku ya kura, huu mji ulikuwa unabaki na mbwa na askari."

"Ndiyo maana baraza lenu lilioza."

Akaniangalia, akapanda zake. Watu waliozeeka ofisini hufikiri kila uovu ni desturi.

Ijumaa, 20 Machi

Toleo jipya la Mwiba, kijigazeti changu, limetoka. Kurasa nne, nakala mia tatu, karatasi yangu, wino wangu, hasira yangu. Kichwa: NANI AMEWALA WATU ELFU NNE? Nimemtaja Kingori, mwakilishi wetu wa wadi, mtu wa Karindi, ambaye hufika Skuta mara moja kila miaka mitano, tena kwa gari lenye vioo vyeusi. Sikusema ameiba. Niliuliza nani anafaidika. Pale chini nimeweka aya moja kuhusu "mabaki ya baraza la zamani, wanaotuambia turidhike". Sikumtaja Moffat jina. Haikuwa lazima.

Sophie wa saluni aliwasomea wateja wake kwa sauti. Anasema mmoja alicheka mpaka kichwa kikatoka kwenye drai.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Mtaro umefurika.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka. Kianyaga.

Nimekuja nyumbani. Kaka yangu Mwai alinipokea barabarani na gumbuti, maana tope la Kianyaga halitaki viatu vya mjini. Tumekula, tumeimba, tumemlalamikia mnunuzi wa majani chai. Mwezi wa sita familia itakwenda kwa chifu kugawa rasmi shamba la baba. Ninachotaka mimi ni kipande kimoja tu, kile cha chini alikozikwa mama. Mwai hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tutaona siku hiyo," akaendelea kutafuna.

Tata Wachuka, dada ya baba, alinikagua kuanzia kichwani hadi gumbuti.

"Wewe bado ni wetu ama ushakuwa wa Nyeri?"

"Ni wenu, tata."

"Kura yako bado iko hapa?"

"Iko hapa."

"Haya. Basi kaa chini ukule. Mtu huzikwa penye kura yake."

Tukacheka wote. Lakini nilisikia raha fulani, kama mtoto aliyeshikwa mkono wakati wa kuvuka barabara.

Jumatatu, 13 Aprili

Kesho kamati ya bunge la kaunti inasikiliza maoni ya wananchi. Nimeandaa hotuba ya dakika kumi. Watu arobaini na watatu wa Skuta wamekubali kuja. Sophie amekata utepe wa kijani, kila mtu kipande cha kufunga mkononi.

Jumanne, 14 Aprili

Niandike kila kitu kilivyokuwa, bila kujionea huruma.

Ukumbi ulijaa. Sisi wa utepe wa kijani tulikaa mbele. Watu wa Karindi walikaa nyuma na makoti yao ya mvua. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja kijana anayeitwa Wendy, alitupa kila mmoja nafasi bila upendeleo. Nilisimama. Nilisema vizuri, naweza kusema hivyo hata sasa. Nilisema kuhusu mtaro, kuhusu watoto wanaoruka majitaka wakienda shule, kuhusu watu elfu nne waliofutwa kama chaki. Nilimnyooshea Kingori kidole. Watu wetu walipiga meza.

Kingori akasimama polepole. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliopaswa kunitisha.

"Dada yangu amesema watu wamepotea," akasema. "Mimi nimemtafutia mmoja. Rejista iko wazi, mtu yeyote anaangalia." Akavaa miwani. "Ngendo Mutahi. Kituo chake, shule ya msingi huko Kianyaga, Kaunti ya Kirinyaga."

Akavua miwani.

"Huyu mama analala Skuta miaka kumi na tisa. Kura yake inalala Kirinyaga. Sasa mimi nimemwibaje? Nilimbeba kwa mgongo usiku?"

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele kama maji. Wendy akagonga meza. "Mama, ungependa kujibu?"

Nikajibu. Mimi ambaye nimeandika kwa miaka ishirini kwamba hakuna siasa isiyoanzia mlangoni pa mtu, nilisema, "Hilo ni jambo langu la kibinafsi."

Wendy hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliuliza tu, "Kati yenu mlio na utepe wa kijani, ni wangapi wameandikishwa Skuta? Inueni mkono."

Nikageuka. Mikono sita. Sita kati ya arobaini na watatu! Sophie alikuwa akitazama viatu vyake. Na mkono uliokuwa juu kuliko yote, umenyooka kama mlingoti, ulikuwa wa Maryan.

Jumatano, 15 Aprili

Sikufungua duka.

Alhamisi, 16 Aprili

Nilikwenda kwa Maryan kununua sukari, nikakaa saa nzima. Alikuwa akisukuma maji kwa ufagio kutoka mlangoni. Baba yake, mzee Diriye, ni Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe Nanyuki; Maryan alizaliwa huko, ameolewa hapa, na nusu ya ploti bado humwita mgeni, wakiwa na maziwa yake ya deni tumboni.

"Nilikuwa nafikiri unajua," akasema. "Mtu ako na vitabu kama wewe."

"Nilijua yangu. Sikujua ni ya kila mtu."

"Sasa sikia, Mama Ken. Mimi kupata kitambulisho, nilienda kwa kamati ya kuhojiwa mara nne. Kwenu ni wapi? Babu yako amezikwa wapi? Nani anakujua? Baba alileta mpaka risiti za ng'ombe. Siku nilipata hiyo kadi, sikupika. Nilienda moja kwa moja kuandikwa kura. Karani ananiuliza, ati una uhakika ni Skuta? Nikamwambia, ndio hapa niko, unataka niandikwe mbinguni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

"Mimi nimeulizwa kwetu ni wapi mpaka nimechoka. Nyinyi hamjaulizwa hata siku moja, na bado mnakimbia ushago, huko vijijini kwenu, kujibu." Akanipa ufagio. "Shika hapo. Maji haingoji hotuba."

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeandika Mwiba mpya. Nimemwomba Kingori radhi, aya nzima, mbele kabisa. Ilinichukua siku mbili na ilikuwa kama kung'oa jino langu mwenyewe. Kisha wito: tuhamishe kura zetu hapa tunapoishi. Makarani wa tume ya uchaguzi wameweka meza shuleni kila siku ya kazi, ni fomu moja na alama za vidole. Tuko 640. Tunahitaji 360.

Jumanne, 21 Aprili

Wanne.

Jumatano, 22 Aprili

Watatu.

Jumatatu, 4 Mei

Mswada umepita bila kubadilishwa, na tarehe ni ile ile. Nimebisha milango yote ya ploti yetu isipokuwa mmoja. Siwezi kupanda kwa Moffat. Nilimwita mabaki, na mabaki yalikuwa yamesema kweli.

Milangoni nasikia kitu kile kile. "Nikihamisha, nyumbani watasema nimewatupa." "Ndugu zangu watakula shamba." "Mamangu ataumia." Mwanamume mmoja wa Mukurwe-ini ana umri wa miaka sitini, amejenga, amesomesha, ameoza mabinti wawili hapa hapa Skuta, na bado anazungumza kama mtu anayesubiri mvua iishe ili aondoke.

Nikamaliza maelezo yangu yote, naye akauliza, "Na wewe umehamisha?"

"Niko njiani," nikasema.

Ijumaa, 8 Mei

"Niko njiani." Nimesema hivyo mara tisa leo. Nimehesabu.

Jumatano, 13 Mei

Tuko 718. Leo nilifika shuleni na kitambulisho mkononi. Kulikuwa na watu wawili tu mbele yangu. Nikakumbuka mwezi wa sita, chifu, kipande cha mama, wazee wa ukoo wakiulizana: huyu bado ni wetu? Nikamwona Tata Wachuka akitikisa kichwa. Nikajiambia nina kazi ya kupiga chapa iliyochelewa. Haikuwapo kazi yoyote.

Nina miaka hamsini na minne. Nimewaita wakubwa wa kaunti hii waoga kwa maandishi, kwa jina, na kwa tarehe.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Mtaro. Sina la kuandika.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua ilianza alfajiri. Saa tano bomba kuu lilipasuka pale pembeni na kila kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umekitoa mwilini kikaingia saluni ya Sophie. Hadi kwenye magoti. Viti, taulo, drai mbili, picha ya harusi yake iliyokuwa ukutani chini sana. Tulitoa maji kwa ndoo kuanzia saa tano hadi saa kumi: mimi, Maryan, wanawake wa kanisani, hata Moffat, suruali yake imekunjwa, bila kunitazama. Mtu alipiga simu kwa bodi. Bodi ikasema imesikia.

Sophie alikaa juu ya meza, miguu hewani, akilia kwa hasira.

"Mama Ken, niulize tu kitu moja. Kura yako umehamisha?"

"Sophie, leo..."

"Leo ndio nauliza. Mimi yangu iko Othaya. Nimekungoja wewe. Nikasema, huyu amesoma. Akihamisha, nitajua haina madhara. Akikataa, kuna kitu anajua hatuambii." Akapangusa uso kwa mkono ambao haukuwa safi. "Watu wote wanakungoja. Hujui?"

Sikujua. Naandika hivyo, na nikisoma tena naona si kweli kabisa.

Jumatatu, 25 Mei

Tuko 752. Wiki nzima nimezunguka kama kuku anayetaka kutaga. Duka, nyumba, shule, duka. Nimeanza barua kwa Mwai mara tano, kumwomba ruhusa. Mwanamke wa umri wangu! Nimezichana zote tano.

Jumanne, 26 Mei

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Vidole kumi, picha moja, sahihi moja. Karani akauliza, "Kituo kipya?" Nikasema Skuta. Dakika sita, na katika dakika hizo nilimwacha mama peke yake kule chini ya shamba. Hivyo ndivyo nilivyohisi.

Nilipotoka, Maryan alikuwa langoni. Alinipiga picha nikiwa nimeshika karatasi ya uthibitisho na kuituma kwenye kundi la simu la mtaa. Aliandika maneno manne: "Amefika. Sasa ni nyinyi."

Sophie alifika saa tatu. Mtu wa Mukurwe-ini saa nne, amevaa suti. Hadi meza ilipofungwa walikuwa wamehamisha arobaini na mmoja, pamoja nami.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Ni sikukuu, makarani hawako. Siku nzima imepotea! Maryan ameleta pilau na nyama ya mbuzi wa mzee Diriye. Nimekula nimesimama.

Alhamisi, 28 Mei

Themanini na wanane. Foleni imezunguka choo cha shule. Kunanyesha na hakuna anayeondoka.

Ijumaa, 29 Mei

Mia moja na wawili. Meza imefungwa saa kumi na moja kamili. Sijui jumla. Nimekwisha kujumlisha mara ishirini lakini sitaki kuandika hadi nambari rasmi itoke, huenda nimekosea.

Ijumaa, 5 Juni

Sikukosea. 983.

Skuta imeunganishwa na Karindi. Miaka mitano.

Jumamosi, 6 Juni

Nimefanya hesabu ambayo hakuna aliyeniomba. Kutoka siku Kingori aliposoma jina langu hadi siku nilipoweka vidole kwenye mashine ni siku arobaini na mbili. Kuanzia siku hiyo tulipata siku tatu za kazi, na katika siku hizo tatu tulihamisha mia mbili thelathini na mmoja. Tumekosa kumi na saba. Ningekwenda siku moja mapema, mchana mmoja tu, saa za chakula, tungefika elfu.

Kingori alinipigia simu. Nilidhani anataka kunicheka. Alisema, "Dada, mtaro wenu nitauzungumzia." Nikamjibu kwamba atauzungumzia vizuri zaidi akija kuunusa. Akasema sawa, mwisho wa mwezi. Tutaona.

Jumamosi, 13 Juni. Kianyaga.

Tulitoka kwa chifu saa nane, shamba limegawanywa. Kabla ya kwenda niliamua kusema mwenyewe, mbele ya wote, kabla mtu hajaniuliza. Asubuhi tulikuwa tumeketi kwa Mwai, watu kumi na wawili, uji mezani.

"Nina neno," nikasema. "Nimehamisha kura yangu. Iko Nyeri."

Mwai akainua macho. "Kura gani?"

"Yangu. Iliyokuwa hapa."

"Kwani ilikuwa hapa?" Akamgeukia mkewe. "Wewe ulijua?"

Mkewe akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua; jibu langu la Pasaka walilichukua kama utani. Miaka yote hii hawajaniona kwenye foleni, kwa sababu huwa nafika jioni, napiga kura, naondoka na gari la mwisho.

"Tata," nikasema, "si ulisema mtu huzikwa penye kura yake?"

Tata Wachuka akaweka kikombe chini. "Mimi? Lini?"

"Pasaka."

"Ngai! Nilikuwa nakutania, mtoto. Nilitaka ukule."

Kabla hatujaondoka kwenda kwa chifu, Mwai akanichukua hadi chini ya shamba. Karibu na kaburi la mama kulikuwa na mstari wa itoka, yale maua tunayopanda mpakani tangu enzi za babu, yameshika ardhi, yamefika magotini.

"Hiki ndicho chako," akasema. "Nilipanda Februari. Nilitaka uone leo, ndio nikanyamaza."

Februari! Kabla ya mswada, kabla ya Kingori, kabla ya mlango wa kwanza niliobisha. Nilichuchumaa nikashika jani moja. Mwai alidhani ni furaha, akanipigapiga mgongo.

Jumapili, 14 Juni

Mvua imekwisha. Mtaro umekauka na unanuka vibaya kuliko ulipokuwa na maji.

Baada ya kanisa nilipanda ngazi. Ni ngazi kumi na sita, sikuwahi kuzihesabu. Moffat alifungua akiwa na gazeti.

"Mabaki yako nyumbani," akasema. "Umekuja kunitukana ama kuniandika?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Ulisema kweli, na nilijua ni kweli, ndiyo maana nikaandika vile."

"Mm." Hakusogea mlangoni. "Na kura?"

"Meza ilifungwa, mzee."

"Najua ilifungwa. Nilifika siku hiyo saa kumi na moja na dakika tano."

Nikaangalia koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Nilikuwa nimevaa kutoka asubuhi," akasema. "Koti, viatu. Nilikuwa nakusikia pale chini ukibisha milango wiki ngapi. Nikasema, leo ni siku ya mwisho, leo lazima apande. Nikangoja. Ilipofika saa kumi na moja kasorobo, nikajua hutapanda, nikajipeleka. Na haya magoti, ngazi ni ngazi."

Mahali fulani chini Maryan alikuwa akimkaripia mtu kuhusu chupa.

"Ofisi ya tume ya mjini iko wazi kila siku ya kazi," nikasema mwishowe. "Haitatusaidia kwa bodi hii. Ni kwa ile ya baadaye."

"Miaka mitano. Mimi niko na sabini na moja."

"Najua."

Akakunja gazeti mara mbili, kama karani, kingo zikilingana.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sawa," akasema. "Lakini wewe ndiye utapanda kunichukua."